Muuguzi Anapoketi na Mgonjwa wa Akili: Kazi ya Mazungumzo Wodini, na Sehemu ya Kikundi Chako

Mgonjwa wa akili akilazwa hospitalini, watu wa nyumbani huuliza maswali mawili. La kwanza, amepewa dawa gani? La pili, atatoka lini? Ni wachache wanaouliza: huko ndani anaongea na nani? Tena wengine wakifika kumwona na kumkuta ameketi kivulini na sista, wananung'unika, "Tumemleta atibiwe, kumbe wanapiga hadithi tu."

Ndugu wasomaji, hizo zinazoitwa hadithi ni sehemu ya matibabu. Zina mpango wake, zina saa yake, na zina mtu aliyesomea kuziongoza. Tunawaandikia nyinyi wa vikundi vya kujisaidia kwa sababu moja kubwa: kazi inayoanzwa na muuguzi wodini humalizikia kijijini. Kama kijiji hakiielewi, mgonjwa atarudi wodini, ama mbaya zaidi, atarudi kwenye mnyororo.

MZIGO WA HAPA KWETU

Kambi za Dadaab, kama kilomita 100 kutoka mji wa Garissa, zilianza mwaka 1991 serikali ya Somalia ilipoanguka. Kambi tatu za kwanza, yaani Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilipangiwa watu kama 90,000. Mwaka 2011, ukame na vita vilipozidi, idadi ilipita 400,000. Wako watu waliozaliwa humo kambini na sasa wana watoto wao hapo hapo.

Wenyeji nao wana mzigo wao. Mfugaji akipoteza ng'ombe wote kwa ukame, hakupoteza mali peke yake, amepoteza na heshima yake mbele ya watu. Na tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Waliobaki hai, na familia zao kila pembe ya Kenya, walibaki na usiku mrefu.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu kwamba katika nchi zilizopitia vita, mtu 1 kati ya 5 ana shida fulani ya akili. Wengi wao wana huzuni nzito, hofu, kukosa usingizi. Wachache ndio wenye ugonjwa mkali wa kusikia sauti na kuona mambo yasiyoonekana. Hesabu hiyo inatuonyesha kwamba jambo hili si la nyumba moja iliyolaaniwa. Ni la kijiji kizima.

Dadaab imetoa hata neno lake: buufis. Ni neno la Kisomali lenye maana ya kupuliza hewa ndani ya kitu, lakini kambini linatumika kwa ile hamu kali ya kwenda kuishi ng'ambo. Moyo unajaa kama puto. Jibu likikawia miaka, au faili likikataliwa, mtu anaacha kula, anaacha kazi, anakaa tu. Hakuna kidonge cha buufis. Lakini kuna mtu anayeweza kuketi na huyo mgonjwa na kumsaidia kuuliza, "Na leo, hapa nilipo, naweza kufanya nini?"

MUUGUZI WA AFYA YA AKILI NI NANI?

Ni muuguzi kama wengine, ila amesoma zaidi juu ya magonjwa ya akili. Hapa Kenya wengi hupitia chuo cha KMTC, na kwa mazoezi huenda hospitali ya Mathari, Nairobi. Mathari ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910, na siku hizo kazi ilikuwa kuwafungia watu mbali na wenzao kuliko kuwatibu. Leo mafunzo yamebadilika. Anayesoma anafundishwa dawa, na pia anafundishwa kusikiliza.

Fikira hii ya muuguzi kutibu kwa mazungumzo si mpya. Mwaka 1952 muuguzi mmoja wa Marekani, Hildegard Peplau, aliandika kitabu akieleza kwamba uhusiano kati ya muuguzi na mgonjwa wenyewe ni tiba. Kabla ya hapo wengi waliona kazi ya muuguzi ni kubeba sinia la dawa na kutii amri ya daktari.

Kwetu jambo hili lina uzito zaidi, maana madaktari bingwa wa akili ni wachache na wengi wako Nairobi na miji mikubwa. Katika sehemu kama Dadaab, ambako hospitali ya Dagahaley imeendeshwa kwa miaka mingi na MSF (Madaktari Wasio na Mipaka), na ile ya Hagadera na shirika la IRC, mtu wa kwanza kumsikiliza mgonjwa, na wa mwisho kumuaga, mara nyingi ni muuguzi au afisa wa kliniki.

MAZUNGUMZO YENYEWE HUENDAJE?

Tuchukue mfano. Tuseme kuna kijana wa miaka 24. Amekuwa akila mirungi usiku kucha, halali, anasema majirani wanamtumia sumu kwa upepo. Amempiga mamake. Watu wamemfunga kamba na kumleta hospitalini.

Siku za kwanza. Hapa mazungumzo ni mafupi sana. Kwanza alale, ale, anywe maji, apate dawa. Muuguzi anajitaja jina, anamwambia yuko wapi, na kwamba yuko salama. Kijana akisema kuna sumu hewani, muuguzi habishani naye, wala hamwambii "ndiyo, ni kweli." Anasema, "Naona una hofu kubwa. Niko hapa." Kubishana na mtu ambaye akili imemchafuka ni kama kuzima moto kwa mafuta. Kukubaliana naye nako ni kumzidishia.

Akitulia. Baada ya siku kadhaa dawa inaanza kushika. Sasa muuguzi anapanga saa. Tuseme kila siku saa nne asubuhi, nusu saa, mahali pa faragha. Saa hiyo haibadilishwi ovyo. Mtu ambaye maisha yake yamevurugika anapata angalau kitu kimoja kisichovurugika. Wanakubaliana shida ni gani, kwa maneno ya kijana mwenyewe. Pengine yeye hataki kusikia neno "wazimu", lakini yuko tayari kusema, "Silali, na nikikosa usingizi nakuwa na hasira." Basi wanaanzia hapo.

Kuunganisha mambo. Muuguzi anauliza: ilianza lini? Ilitanguliwa na nini? Ukila mirungi siku tatu mfululizo, usingizi unakuwaje? Sauti zinakujaje? Hamhubirii. Anamsaidia aone mwenyewe kwamba mirungi, kukosa usingizi na zile sauti vinafuatana kama mbuzi njiani. Jambo mtu alilolivumbua mwenyewe analishika kuliko lile alilofokewa.

Kazi ndogo ndogo. Kila kikao kinaisha na jambo moja la kufanya kabla ya kesho: kuoga, kufua shati, kusaidia kugawa chai wodini, kucheza draft na mwenzake. Tusidharau haya. Mtu aliyekata tamaa hangojei nguvu zije ndiyo aanze kutenda. Mara nyingi anatenda kwanza kidogo, na nguvu zinafuata. Wodi nyingine pia zina kikao cha kikundi, wagonjwa sita au wanane wakizungumza pamoja, na hapo mtu anajua hayuko peke yake.

Juu ya dawa. Dawa nyingine za akili hukakamaza mwili, hutetemesha mikono, huleta mate au usingizi mwingi. Mgonjwa asipopata nafasi ya kusema hayo, akifika nyumbani anazitupa. Muuguzi akimsikiliza, dozi inaweza kupunguzwa au dawa kubadilishwa na mwenye ruhusa, ama apewe ile sindano ya mwezi. Na Mwislamu anayefunga Ramadhani aulize mapema jinsi ya kupanga saa za dawa, badala ya kuiacha mwezi mzima.

Kikao na jamaa. Kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, mgonjwa akikubali, muuguzi anaketi na familia. Yule mama aliyepigwa naye ana lake la kusema. Wanapanga pamoja: nani atakuwa na dawa, dalili zipi zikionekana warudi mara moja, tarehe ya kliniki ni lini.

Kumhusisha jamaa kumefanya kazi mahali pengine Afrika. Mwaka 1954 daktari Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria alianza mpango huko Aro, Abeokuta, ambapo wagonjwa walipangishwa katika vijiji vilivyozunguka hospitali, kila mmoja akiwa na jamaa yake. Asubuhi walitibiwa, kisha waliishi kama watu. Hakuona sababu ya kumtoa mtu kwa watu wake ndiyo apone.

LUGHA NA MKALIMANI

Hapa kwetu muuguzi pengine ni Mkamba au Mluo, na mgonjwa anajua Kisomali peke yake, au Kioromo. Anahitajika mkalimani. Mkalimani mzuri husema kile kilichosemwa, hapunguzi aibu na haongezi ushauri wake. Anaapa kutunza siri. Si vizuri mtoto awe mkalimani wa mamake, wala mume wa mkewe, kwa maana kuna mambo ambayo hayatasemwa. Mwanamke aliyedhulumiwa ana haki ya kuomba muuguzi mwanamke na mkalimani mwanamke. Kikundi kikimsindikiza mtu hospitalini, kimuulize hilo jambo mapema.

MAMBO AMBAYO TIBA HII SIYO

Si mahubiri. Mimi ni Mkatoliki na naamini katika sala. Ndugu zetu Waislamu wana kisomo cha Kurani, na wengi humwendea sheikh kwanza. Muuguzi mwenye busara hapigani na sheikh wala padre. Anachoomba ni kwamba sala na dawa ziende pamoja, na pasiwe na kupiga, kufukiza moshi, kunyima chakula wala kufunga.

Si mahojiano ya polisi. Aliyeona mauaji halazimishwi kusimulia siku ya kwanza. Anasimulia akiwa tayari, kidogo kidogo, na anaweza kunyamaza.

Si kupewa mashauri mengi. Ukimsikia mtu anasema "jikaze tu", "sahau", "wenzako wana shida zaidi", hiyo si tiba. Inamfunga mgonjwa mdomo.

Wala haichukui nafasi ya dawa. Mwenye ugonjwa mkali anahitaji dawa, na mara nyingi mazungumzo yanawezekana kwa sababu dawa imemtuliza. Tena kuna kifafa, ambacho wengi hudhani ni wazimu au mashetani. Kifafa kina dawa zake, kipelekwe hospitalini.

JE, INASAIDIA KWELI?

Swali hili ni la haki, kwa maana familia inaacha kazi na kulipa nauli. Tutoe mifano mitatu ya Afrika Mashariki iliyopimwa. Yote ilihusu huzuni, hofu na majeraha ya moyo, siyo ugonjwa wa kusikia sauti.

Nakivale, Uganda. Wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia wenye majeraha ya vita waligawanywa katika makundi. Washauri walikuwa wakimbizi wenzao waliofundishwa. Kwa njia moja, mtu alisimulia maisha yake yote kwa mpangilio. Kamba hulazwa chini kuonyesha miaka yake, jiwe likiwekwa pale penye tukio baya, ua likiwekwa pale penye jema. Matokeo yalitolewa mwaka 2008: kati ya waliosimulia hivyo, kama 70 kwa kila 100 hawakuwa tena na ugonjwa ule. Waliopewa ushauri wa aina nyingine walikuwa kama 65. Wale waliofuatiliwa tu bila mazungumzo walikuwa kama 37.

Masaka na Rakai, Uganda. Katika vijiji 30, watu wenye huzuni nzito waliitwa. Katika nusu ya vijiji waliwekwa katika vikundi, wanawake peke yao na wanaume peke yao, wakakutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Kiongozi alikuwa mtu wa huko huko aliyefundishwa. Matokeo ya mwaka 2003 yalionyesha waliokutana walipata nafuu kubwa kuliko wenzao. Na vikundi vingi viliendelea kukutana hata baada ya wiki hizo kuisha.

Nairobi. Wanawake 421 walihusika, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili. Waliopewa vikao 5 vilivyopangwa na Shirika la Afya Duniani walipata nafuu kuliko wale waliopata ushauri wa kawaida kituoni. Matokeo yalitoka mwaka 2017. Tuone hapa: wote waliongea na mtu. Tofauti ilikuwa ni mpango.

Na Dadaab yenyewe, kuanzia mwaka 2011, shirika la CVT lilifundisha wakimbizi kuongoza makundi ya ushauri kwa watu walioteswa. Kwa hiyo ufundi huu unaweza kufundishwa kwa watu wa hapa hapa.

MUUGUZI MMOJA NA MINYORORO YA MOGADISHU

Kuvuka mpaka, huko Mogadishu, kuna mfano ambao Wasomali wengi wanaujua. Abdirahman Ali Awale, anayeitwa Dokta Habeb, ni muuguzi. Alipata mafunzo ya miezi mitatu ya Shirika la Afya Duniani, na mwaka 2005, vita vikiendelea, akafungua hospitali ya wagonjwa wa akili. Wakati huo wagonjwa walifungwa minyororo, na hata kulikuwa na familia zilizolipa pesa ili mgonjwa afungiwe chumbani na fisi, kwa imani kwamba fisi huona jini na kumfukuza. Yeye alisema waziwazi kwamba huu ni ugonjwa, nao unatibika. Kutoka hapo ikaja kampeni ya kuondoa minyororo, kwanza hospitalini, kisha nyumbani.

Kampeni ile ilifundisha jambo moja: kumfungua mtu mnyororo ni kazi ya dakika moja, lakini kama wanaomzunguka bado wana hofu ile ile, jioni watamfunga tena. Ndiyo maana lazima mazungumzo yafike hadi nyumbani.

KIKUNDI CHAKO KIFANYE NINI?

Mwaka 2025 misaada kutoka nje, hasa ya Marekani, ilikatwa sana, na mashirika yakapunguza wafanyakazi. Kazi ya kijiji imeongezeka. Kidole kimoja hakivunji chawa. Haya hapa hayahitaji pesa nyingi:

1. Mchague watu wawili wa kumtembelea mgonjwa akiwa wodini. Msiende ishirini. Ongeeni naye habari za kawaida: mvua, mifugo, nani ameoa.

2. Muulizeni muuguzi, mgonjwa akiwa amekubali: dalili za kurudi kwa ugonjwa ni zipi? Mara nyingi ya kwanza ni kukosa usingizi usiku mbili tatu.

3. Wekeni nauli ya kliniki katika mfuko wa kikundi. Wengi huacha dawa kwa sababu ya nauli, siyo kwa ukaidi.

4. Mpeni kazi, hata ndogo. Ahesabu viti mkutanoni, achunge ndama, amwagilie miche. Msimwite kwa jina la ugonjwa wake.

5. Tunzeni siri. Kilichosemwa wodini hakitangazwi kisimani.

6. Mkumbukeni anayemtunza. Mama au mke wa mgonjwa naye anachoka. Mtu amshikie nyumba nusu siku apumzike.

7. Mkisikia mtu anasema afadhali afe, muulizeni waziwazi kwa upole kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi wazo hilo, kunamfungulia mlango wa kusema. Msimwache peke yake, ondoeni kamba na sumu ya mifugo, mpelekeni kituo cha afya. Zamani watu walificha kwa kuogopa polisi, maana kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba.

Tena mjue haki zenu. Sheria ya afya ya akili ilirekebishwa mwaka 2022. Inasema mgonjwa ana haki ya kutibiwa kwa heshima na kuelezwa matibabu yake, na inazipa serikali za kaunti jukumu la kutoa huduma hii hadi mashinani. Kwa hiyo mwakilishi wa wadi akija mkutanoni, muulizeni: muuguzi wa afya ya akili aliye karibu nasi yuko wapi, na anafika kwetu siku gani? Wahamasishaji wa afya ya jamii walioanza kazi nchi nzima mwaka 2023 wanaweza kuwasaidia kumfikia.

Mficha maradhi, kifo humfichua. Tusiwafiche wagonjwa wetu nyuma ya nyumba. Yule sista anayeketi kivulini na mgonjwa anafanya kazi ya kumrudisha mtu kwa watu. Akimleta hadi mlangoni kwenu, mpokeeni.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, mtu wa akili anaitwaje? Jina hilo linamsaidia au linamuumiza?

2. Yuko mtu aliyefungwa au kufichwa karibu nasi? Nani anaweza kuongea na familia yake bila kuwaaibisha?

3. Kutoka hapa hadi hospitali yenye muuguzi wa afya ya akili, nauli ni shilingi ngapi kwenda na kurudi? Mfuko wetu unaweza kubeba safari ngapi kwa mwaka?

4. Kazi gani moja tunaweza kumpa mtu aliyetoka wodini mwezi huu?